Kutoka Kodi ya Kibanda hadi Kodi ya Mita: Lugha na Historia ya Fedha za Halmashauri katika Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Historia ya kuenea kwa Kiswahili katika bara la Tanzania husimuliwa kwa kawaida kupitia misafara ya biashara, misheni na shule. Kodi hutajwa katika historia hiyo kama chanzo cha machungu ya kisiasa, na ni nadra kutajwa kama tukio la kilugha. Hata hivyo, kwa mkulima wa milima ya Umatengo au mvuvi wa Liuli, yako maneno ya Kiswahili yaliyomfikia yakiwa yameandikwa katika stakabadhi kabla hajayasoma kitabuni. Mhadhara huu unayafuata maneno machache ya aina hiyo, nayo ni kodi, ushuru, diwani, ruzuku, akiba na bakaa, kuanzia utawala wa Wajerumani hadi nyakati hizi. Swali linaloongoza uchunguzi ni jepesi kuliuliza na gumu kulijibu: ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kupanga kiwango, na ni nani aliyeruhusiwa kuweka akiba?

Eneo linalohusika ni lile lililokuwa Wilaya ya Mbinga, iliyokatwa kutoka Songea katika miaka ya 1970 na kugawanywa tena mwaka 2012, mwambao wake ulipofanywa kuwa Wilaya ya Nyasa yenye makao makuu Mbamba Bay. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 353,683 katika Mbinga na 146,160 katika Nyasa. Juu milimani wamo Wamatengo, wakulima wa kahawa na mahindi. Chini ziwani wamo Wampoto, Wamanda na Wanyasa, wavuvi wa usipa na wakulima wa mpunga na muhogo. Ni pande mbili zilizounganishwa kwa muda mrefu katika daftari moja la mapato, ingawa mali zao hazikufanana kamwe.

Hongo, ushuru na kodi

Kiswahili hakikuletwa ziwani na Wajerumani. Misafara ya Kilwa ilikuwa imeshavuka Ziwa Nyasa katika karne ya 19, na upande wa magharibi, huko Nkhotakota, watawala waliojulikana kwa jina la Jumbe walikuwa wameanzisha mji wenye sura ya Kiswahili. Misafara ilijua aina mbili za malipo. Ya kwanza ilikuwa hongo, yaani malipo ambayo msafara ulimpa mtawala wa nchi ili upite salama. Ya pili ilikuwa ushuru, uliotozwa katika forodha za pwani. Neno hili lina asili ya Kiarabu na lilimaanisha sehemu ya kumi. Inafaa kuangalia hatima za maneno hayo mawili. Ushuru umebaki na heshima yake na hadi leo ndilo neno la halmashauri kwa tozo ya mazao na samaki. Hongo limeanguka. Malipo yaliyokuwa halali, ya wazi na yenye kujadiliwa kwa siku kadhaa mbele ya watu, leo ni jina la rushwa. Dola mpya ilipojitwalia peke yake haki ya kutoza, kila mtozaji mwingine alikuwa mharamia kwa ufafanuzi tu, na neno lake likamfuata.

Kodi lina njia nyingine. Katika Kiswahili cha pwani kukodi ni kupata matumizi ya kitu cha mwingine kwa malipo, na kodi ni malipo yenyewe: ya nyumba, ya chumba, ya chombo. Utawala wa Kijerumani ulitangaza kodi ya nyumba na vibanda mwaka 1897, ikaanza kutozwa mwaka uliofuata, na kwa kibanda cha shamba kiwango kilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Kwa Kiswahili, tozo hilo liliitwa kwa jina lilelile la pango. Maana iliyomo ndani yake haikuwa ndogo. Mtu aliyeijenga nyumba yake kwa miti aliyoikata na nyasi alizozifyeka mwenyewe alitakiwa kuilipia kama mpangaji. Hakuna sababu ya kudhani kwamba maofisa waliikusudia tafsiri hiyo, lakini lugha iliisema.

Kimsingi hiyo ndiyo iliyokuwa kodi ya majengo ya kwanza katika eneo hili, nayo ilikuwa ya kiwango kimoja. Kibanda kilihesabiwa, hakikuthaminiwa. Mwenye ng'ombe wengi na mjane mwenye kuku wawili, ikiwa kila mmoja alikuwa na kibanda kimoja, walidaiwa sawasawa. Ukusanyaji uliwekwa mikononi mwa maakida na majumbe. Jumbe, ambalo pwani lilikuwa jina la mtawala, likawa jina la mtu wa chini kabisa katika ngazi ya serikali, yaani mwenye kuhesabu vibanda. Kwa kuwa utawala uliandikiana na watu hao kwa Kiswahili, hesabu ya vibanda iliandikwa kwa Kiswahili. Hata mahali ambapo kanisa lilitumia lugha nyingine, kama katika mwambao wa Liuli, ambako misheni ya Kianglikana ya Likoma ilitumia Kinyanja na mmisionari W. P. Johnson alitafsiri Biblia katika lugha hiyo, lugha ya kodi ilikuwa Kiswahili. Muumini aliweza kusali kwa Kinyanja. Kudaiwa, alidaiwa kwa Kiswahili.

Rupia haikuota shambani. Kabla kahawa haijakomaa milimani, njia kuu ya kuipata ilikuwa kuuza nguvu, na eneo zima la Songea likawa hifadhi ya vibarua wa mashamba ya mkonge ya kaskazini. Hali hii iliendelea chini ya Waingereza, na mwanaanthropolojia P. H. Gulliver aliichunguza kwa makini katika taarifa yake ya mwaka 1955 kuhusu Wangoni na Wandendeuli. Neno manamba, lililotokana na namba walizopewa vibarua, ni mtoto wa kodi ya kibanda sawa na lilivyo mtoto wa mkonge.

Hazina ya wenyeji na makadirio

Sheria ya Kodi ya Nyumba na Kichwa ya mwaka 1922 iliongeza kichwa juu ya nyumba. Mwanamume asiye na kibanda hakuponyoka tena, na mwenye wake wengi alilipia vibanda vyao. Mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, ikaja Sheria ya Mamlaka za Wenyeji, na pamoja nayo hazina za wenyeji. Sehemu ya kodi iliyokusanywa ilirudishwa katika hazina hizo kulipa mishahara ya watemi, makarani na matarishi, na kugharimia barabara na zahanati ndogondogo. Hapo ndipo maneno makadirio, mapato na matumizi yalipoanza kusemwa katika mabaraza ya bara.

Jambo moja katika mfumo huo linastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu limerudi mara nyingi baadaye. Makadirio yalisomwa barazani, lakini uhalali wake ulitoka kwa ofisa wa serikali. Baraza liliweza kutaja haja, lakini halikuweza kutoa senti nje ya makadirio yaliyoidhinishwa. Kwa hiyo baraza lilizoea kujadili matumizi pasipo kujadili kiwango. Mazoea hayo ya mjadala wa nusu yameacha alama katika lugha ya madiwani: ufasaha mkubwa katika kuomba, na upungufu wa istilahi katika kupima.

Mahali pengine nchini kiwango kilijadiliwa, tena kwa kishindo. Katika Upare, mamlaka ya wenyeji ilianzisha katika miaka ya 1940 kodi ya daraja, ambayo kila mtu alitozwa kulingana na mali aliyokadiriwa kuwa nayo. Kodi hiyo ilijulikana kwa jina la mbiru. Januari 1945 maelfu ya wanaume walikusanyika Same kuipinga, na upinzani ukaendelea hadi kodi hiyo ilipoachwa. Mwanahistoria Isaria Kimambo ameonyesha kwamba Wapare hawakukataa kodi kwa jumla. Walichokataa ni kupimwa: nani atahesabu mbuzi wa mwenzake, na kwa mizani gani? Kwa nadharia, kodi ya daraja ndiyo yenye haki, kwa sababu mwenye kingi hutoa kingi. Kwa vitendo, haki hiyo humtegemea mpimaji, na mpimaji asiyeaminika huifanya kodi ya kiwango kimoja, pamoja na dhuluma yake yote kwa maskini, ionekane kuwa kimbilio. Mvutano huo wa Same ndio uliofika Mbinga miaka sabini baadaye katika sura ya mita ya umeme.

Wamatengo nao walikuwa na baraza lao kabla ya hazina yoyote. Sengu ilikuwa utaratibu wa wanaume wa ukoo waliokaa pamoja katika ntambo moja, yaani mgongo wa mlima na mabonde yake, kula pamoja, na papo hapo kuamua magomvi na kugawana chakula. Waliopungukiwa walikula kwa waliojaliwa, wala hapakuwa na karani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walioshirikiana na Wajapani katika wilaya hiyo tangu miaka ya 1990, waliukuta utaratibu huo umedhoofika, na kijijini Kindimba ulifufuliwa kwa jina la kamati ya sengu ili kusimamia kazi za maendeleo. Si halali kuitukuza sengu kupita kiasi, kwa kuwa ilikuwa baraza la wanaume na la wazee. Lakini ndani yake mwenye kuamua mgawo na mwenye ghala walikuwa watu walewale waliokaa mkekani.

Miaka ya kufutwa na kurudishwa

Uhuru uliwarithisha Watanganyika halmashauri za wilaya zilizojengwa juu ya sheria ya mwaka 1953. Utemi ukaondolewa mwaka 1963, na halmashauri zikabaki na mzigo mkubwa wa shule za msingi, zahanati na barabara, zikiutegemea mfuko mwembamba wa kodi za mitaa na ushuru wa mazao. Mwaka 1969 mapato hayo mawili yakafutwa. Mwaka huohuo, Septemba 24, Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichokuwa na kitovu chake Litowa katika Songea, kilipigwa marufuku. Matukio haya mawili hayakuwa na uhusiano wa kisheria, ila yanaonyesha mwelekeo mmoja: katika mwaka mmoja kijiji kilichojipangia na wilaya iliyojitoza vyote vilinyimwa nafasi. Mwaka 1972, kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zenyewe zilivunjwa. Jina hilo la mpango lilikuwa na kejeli isiyokusudiwa, kwa sababu madaraka yaliyopelekwa mikoani yalikuwa ya watumishi wa serikali kuu.

Sheria za mwaka 1982 zilizirudisha halmashauri, zikaanza kazi mwaka 1984. Sheria Na. 9, inayohusu fedha za serikali za mitaa, iliorodhesha vyanzo vya mapato, na diwani akarudi katika matumizi ya kila siku. Wanafunzi wa fasihi wanalijua neno hilo kwa maana ya mkusanyo wa mashairi. Wanahistoria wa Mrima wanalijua kwa maana ya mtawala wa mji. Maana hizo zote zimetoka katika mzizi mmoja wa Kiajemi na Kiarabu, ambao ulihusu daftari na ofisi ya hesabu. Diwani wa Mbinga anayehoji ukurasa wa makisio yuko karibu zaidi na asili ya jina lake kuliko mshairi.

Chanzo kilichosikika kuliko vyote kilikuwa kodi ya maendeleo, iliyotozwa kwa kila mtu mzima. Jina lake lilikuwa zuri na utozaji wake ulikuwa mbaya. Kumbukumbu iliyobaki vijijini ni ya mgambo, vizuizi vya barabarani na wanaume waliolala porini msimu wa ukaguzi wa stakabadhi. Kosa lilikuwa lile la 1922, la kuhesabu vichwa bila kuangalia vichwa hivyo vina nini. Juni 2003 serikali iliifuta, pamoja na msururu wa tozo ndogondogo zilizoitwa za kero, na kuanzia mwaka 2004 halmashauri zikalipwa fidia kwa ruzuku kutoka Hazina.

Neno ruzuku linastahili maelezo. Linatokana na mzizi uleule wa riziki, na kitenzi chake, kuruzuku, humhusu Mungu anayewapa viumbe mahitaji yao. Matumizi ya kifedha yamehifadhi kiasi cha mwelekeo huo. Kodi hutozwa, ushuru hukusanywa, lakini ruzuku hushuka. Wala mpokeaji hapangi saa. Mwananchi aliyeacha kulipa kodi ya maendeleo aliondokewa na kero, na hilo ni jambo jema lisilo na ubishi. Lakini pia aliondokewa na haki ya kumuuliza diwani wake, kwa hasira ya mlipaji, fedha yake imekwenda wapi.

Kahawa, makaa na bakaa

Baada ya mwaka 2003 ushuru wa mazao ulibaki kuwa nguzo ya halmashauri za vijijini, ukiwa na ukomo wa asilimia 5 ya bei ya mazao shambani. Katika Mbinga, zao lenyewe kwa kiasi kikubwa ni kahawa. Ushuru wa aina hiyo hupanda na kushuka pamoja na bei, na bei ya kahawa haijawahi kumsikiliza diwani. Mfumo wa mgawo wa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulisambaratika Julai 1989, bei zikaporomoka, na biashara ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katikati ya miaka ya 1990, chama kikuu cha ushirika cha Mbinga, kilichokuwa kikiwakopesha wakulima mbolea na dawa, hakikuhimili. Mwaka 2017 Bunge lilipunguza ushuru wa mazao ya biashara kutoka asilimia 5 hadi 3. Kwa kila shilingi 1,000,000 ya kahawa, halmashauri iliyokuwa ikipata 50,000 sasa ilipata 30,000. Mkulima alipata nafuu ya kweli. Halmashauri haikuwa imeketi kuijadili nafuu hiyo. Iliipokea kama ilivyoipokea ruzuku.

Mwaka 2011 makaa ya mawe yalianza kuchimbwa Ngaka, upande wa Mbinga, na kampuni yenye hisa za Shirika la Maendeleo la Taifa. Makaa yaliileta halmashauri katika tozo jingine, ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo ghafi, yaani shilingi 3,000,000 katika kila bilioni moja. Ngaka ilipobaki Mbinga mwaka 2012, Nyasa ilibaki na samaki, mialo, mpunga na sehemu ya kahawa ya juu. Mgawanyo wa wilaya huelezwa kwa raia kuwa ni kusogeza huduma karibu, jambo ambalo ni kweli, lakini pia ni mgawanyo wa daftari. Mwaka 2015 ukaongezwa mkato mwingine, Mbinga mjini ilipopata halmashauri yake. Palipokuwa na daftari moja pakawa na matatu. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoongeza mahitaji ya makaa duniani, shehena za Ruvuma zikapita kwa wingi bandari ya Mtwara, na ikadhihirika jinsi chanzo kimoja kinavyoweza kuneemesha daftari moja na kulipita la jirani.

Hapa ndipo suala la akiba linapojitokeza. Halmashauri inayotegemea kahawa na makaa ingehitaji, kuliko nyingine yoyote, kuweka fedha za mwaka mnono kwa ajili ya mwaka wa njaa. Kiswahili kina maneno mawili yanayokaribiana. Akiba, lenye asili ya Kiarabu inayohusu kile kinachofuata nyuma, ni kitu kilichotengwa kwa makusudi. Bakaa ni kilichosalia tu, pengine kwa mipango, mara nyingi kwa kuchelewa. Katika nyaraka za bajeti za halmashauri, neno linalotawala ni bakaa. Fedha za mradi zinaweza kufika Mei, mwaka wa fedha hufungwa Juni 30, na kisichotumika huitwa bakaa. Sheria ya Bajeti ya mwaka 2015 imeweka msingi kwamba idhini ya matumizi hukoma mwaka unapofungwa na kilichosalia hurejeshwa, isipokuwa pale ruhusa inapopatikana. Kwa mantiki ya hesabu za taifa, utaratibu huo unaeleweka: Hazina haiwezi kukopa kwa riba huku fedha zake zimelala katika akaunti za wilaya. Kwa mantiki ya mkulima wa ngolo, ni vigumu kuueleza. Mkulima huyo hulaza majani ya msimu uliopita katika miraba, huyafukia, na kuacha mashimo yanayonasa maji na udongo mteremkoni, ili mahindi ya mwakani yakute kitu. Angeambiwa majani yote yaliyobaki yarudishwe wilayani kila Juni, asingelima mwaka wa pili.

Neno jingine la bajeti linalostahili kutajwa ni ukomo. Kabla madiwani hawajaketi, Hazina na wizara yenye dhamana ya serikali za mitaa hutoa ukomo wa bajeti, na baraza hujadili ndani ya mpaka huo. Na baada ya mwaka kwisha huja hoja. Barazani, hoja ni rai yenye sababu, na mtu huijenga. Katika ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hoja ni kasoro inayotakiwa kujibiwa, na halmashauri huifunga. Katika vikao vya siku hizi maana ya pili inaelekea kuimeza ya kwanza: baraza lililozoea kufunga hoja hupoteza taratibu mazoea ya kuzijenga.

Mita

Kodi ya majengo ilikuwa, kwa sheria ya mwaka 1983, chanzo cha mamlaka za miji. Jengo lilithaminiwa, ardhi iliyo chini yake haikuhesabiwa, na kiwango kilipangwa na halmashauri yenyewe. Hapa palikuwa na nafasi ya mjadala kamili, wa kiwango na wa matumizi kwa pamoja. Tatizo lilikuwa lile la Upare, upimaji. Uthamini ni ghali, wathamini ni wachache, na mji mdogo hauwezi kupitia orodha ya majengo yake kila baada ya miaka michache. Kuanzia Julai 2016 ukusanyaji ulianza kuhamishiwa Mamlaka ya Mapato, na mwaka 2018 uthamini ukawekwa kando kwa viwango bapa: shilingi 10,000 kwa nyumba ya kawaida, na mijini shilingi 50,000 kwa kila ghorofa. Mwaka 2021 kodi hiyo ikaingizwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa ghorofa, na mwaka 2023 viwango vikapandishwa kuwa 1,500 na 7,500.

Kiwango bapa kina sifa zake. Hakihitaji mthamini, hakihitaji mgambo, na hakuna ofisa anayeweza kupunguza thamani ya nyumba ya rafiki yake. Yeyote aliyesoma habari za mbiru ataelewa mvuto wake. Lakini nyumba ya bati ya vyumba viwili kandokando ya Mbamba Bay na nyumba ya kisasa ya vyumba vinane katika mtaa wa kati wa Mbinga, zikiwa zote hazina ghorofa, zinalipa sawa, kama vilivyolipa sawa vibanda vya mwaka 1898. Tofauti ni kwamba kinachohesabiwa sasa ni mita. Mpangaji anayenunua umeme hujikuta amemlipia mwenye nyumba, na kumdai ni shauri jingine. Nyumba yenye mita mbili huhitaji maombi ili moja iondolewe. Na nyumba inayowaka taa za jua, hata iwe kubwa kiasi gani, haionekani kwenye mashine. Kwa neno kodi, mzunguko huu ni wa kustaajabisha. Lilianza pwani likiwa malipo ya mpangaji, likawekewa mwenye kibanda mwaka 1897, na mwaka 2021, kupitia mita, likarudi kumkuta mpangaji.

Baraza la Mji wa Mbinga halipangi kiwango hicho. Hupangwa kwa Sheria ya Fedha ya kila mwaka, Dodoma. Linachoweza kupanga ni ada za soko, vibali, maegesho na maeneo ya minada, yaani vyanzo vinavyomgusa muuza ndizi na mwendesha pikipiki mapema kuliko mwenye nyumba za kupangisha. Kwa hiyo madiwani wanapoketi kati ya Januari na Machi kupitisha makisio, wakiwa na ukomo uliokwisha kutolewa, sehemu ya mapato ambayo wangeijadili kwa uzito zaidi, ile ya majengo, huwa imeshakatwa shilingi kwa shilingi kila mtu anapoingiza tarakimu za umeme nyumbani kwake, na bakaa ya mwaka uliotangulia husomwa na mweka hazina katika ukurasa wa mwisho.